Hata Sifuri Inaandikwa: Daftari la Uwandani kwa Wanyama wa Karibu na Nyumbani

Watu wawili wametazama tukio moja kutoka madirisha mawili ya jengo moja. Wa kwanza ameandika hivi:

"Leo nje kulikuwa na kunguru wengi sana, walikuwa wamekasirika."

Wa pili ameandika hivi:

"Machi 14, 07:10 hadi 07:40. Dirisha la mashariki. Mawingu, upepo hafifu. Kunguru 6 juu ya paa la pili. Mmoja anashuka mara 3 kumwelekea paka aliye chini ya ukuta, analia kila anaposhuka, hamgusi. 07:22 paka anaondoka. 07:25 kunguru 5 wanaruka kuelekea kaskazini, 1 anabaki."

Sentensi ya kwanza inatosha kabisa kumsimulia rafiki. Lakini ikishapita miezi sita, haiwezi kujibu swali hata moja. Wengi ni wangapi? Nje ni wapi? Ilikuwa saa ngapi? Na hiyo hasira, mwandishi aliionaje? Maandishi ya pili hayana neno hasira, lakini yana kila kitu ambacho kingeweza kumfanya msomaji ahisi hasira: kushuka mara tatu, kulia, kutogusa. Msomaji anayeamini kwamba ule ulikuwa woga, au kwamba kunguru alikuwa akilinda kinda, bado anaweza kuyatumia.

Nimeona watu wengi wakianza daftari la namna hii kwa moyo mkunjufu, kisha wakaliacha baada ya wiki chache kwa sababu "hakuna kilichotokea". Wameligeuza kuwa ghala la vituko, na wanyama wa karibu na nyumbani hawafanyi vituko kila siku. Shomoro anadona, mjusi anaota jua, buibui anakaa katikati ya utando wake saa nne bila kusogea. Daftari linalodumu ni lile linaloweka kumbukumbu ya kutazama kwenyewe: nilikaa wapi, kwa muda gani, nikimtazama nani, na nini kilikuwepo au hakikuwepo. Ukilielewa hivyo, siku ya kimya nayo ina ukurasa wake.

Ulichoona na ulichodhani

Gilbert White alikuwa kasisi katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza, na sehemu kubwa ya maisha yake alitazama viumbe wa bustani yake na vichaka vya jirani. Kuanzia mwaka 1768 hadi alipofariki mwaka 1793 alijaza daftari lililochapwa safu maalumu za mahali, upepo, hali ya hewa, kipimajoto, miti inayochipua, ndege wanaofika na wanaoondoka. Kwa sikio lake tu alitenganisha aina tatu za ndege wadogo wa rangi ya kijani na manjano ambao watu waliwadhania kuwa aina moja, maana kwa macho wanafanana mno. Nyimbo zao ndizo zilizowatofautisha.

White huyohuyo alikuwa na wazo ambalo halikumtoka hadi uzeeni. Alidhani kwamba baadhi ya mbayuwayu hawahamii nchi za mbali wakati wa baridi, bali hujificha mahali fulani karibu na kulala hadi majira ya joto yarudi. Mbayuwayu wachache walipoonekana siku ya joto baada ya wenzao kutoweka, aliona kwamba dhana yake imepata nguvu. Alikosea. Mbayuwayu wa Ulaya huruka hadi Afrika. Hata hivyo tarehe alizoandika, mbayuwayu wa kwanza siku fulani na wa mwisho siku fulani, zinatumika hadi leo, kwa sababu alizirekodi kama tarehe na si kama ushahidi wa mbayuwayu wanaolala. Dhana ilikufa, tarehe zikabaki.

Kwa hiyo hii ndiyo kanuni ninayoishika kuliko zote: chora mstari wima kwenye ukurasa, upande mpana uwe wa macho na masikio, upande mwembamba uwe wa mawazo. "Anatikisa mkia mara 4, anatazama chini" inakwenda upande mpana. "Labda ameona mdudu" inakwenda upande mwembamba, pamoja na neno labda. Usijinyime kudhani. Dhana ndizo zinazokufanya urudi kesho. Ila zisije zikachanganyika na ulichoona, kwa kuwa baada ya mwezi mmoja hutakumbuka lipi ni lipi, na kumbukumbu hupendelea kulikuza lile lililokuwa na hadithi nzuri.

Maneno yanayohitaji tahadhari ni yale yanayoficha dhana ndani ya kitenzi. "Anatafuta chakula" ni dhana; "anageuza jani kwa mdomo, anadona, anageuza lingine" ni tukio. "Wanapigana" huenda ikawa kweli, huenda ni uchumba, huenda ni wachanga wanacheza. Andika nani alimgusa nani, kwa sehemu gani ya mwili, na nani aliondoka kwanza.

Kichwa cha ukurasa

Tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, hali ya hewa. Haya ni mambo makavu na kila mwongozo unayataja, kwa hiyo nitagusia tu yale mawili ambayo watu huyapuuza.

Mahali kwanza. Charles Darwin alipofika visiwa vya Galápagos mwaka 1835 alikusanya ndege wengi, wakiwemo wale chiriku wanaobeba jina lake leo. Wengi wa chiriku hao hakuwaandikia walitoka kisiwa kipi, kwa kuwa hakutarajia visiwa vinavyoonana kwa macho viwe na viumbe tofauti. Aliporudi London, na mtaalamu wa ndege John Gould alipoanza kuwachambua mwaka 1837, swali la kisiwa likawa ndilo swali kuu. Ilibidi Darwin atafute msaada kwenye ndege waliokusanywa na wenzake wa melini, akiwemo nahodha FitzRoy, ambao walikuwa wameandika kisiwa. Ikiwa hilo lilimpata yeye, "bustanini" halitoshi kwetu. Andika "ukuta wa kaskazini, mita mbili kutoka bomba". Jambo linaloonekana halina maana leo ndilo linaloweza kuwa swali la mwaka kesho, na wakati huo huwezi kurudi nyuma kuliandika.

La pili ni saa. Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake hapa: mkono unaandika "saa moja" na simu inaandika 07:00 kwenye picha ileile. Ukichanganya mitindo miwili kwenye daftari moja, popo wako wa jioni wataishia kuruka mchana. Mimi hutumia saa 24 daftarini, hata kama mdomoni nasema saa moja. Chagua mtindo wowote, uuandike kwenye jalada la ndani, usiubadilishe. Na unapoishi kwenye nchi inayosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, iandike tarehe ya mabadiliko hayo, maana wanyama hawasogezi kitu.

Joto nalo liandikwe, hata kwa makadirio. Mwaka 1897 mwanafizikia wa Marekani Amos Dolbear alichapisha kanuni inayohusisha kasi ya mlio wa nyenje na joto la hewa: kadiri joto linavyopanda, ndivyo nyenje anavyolia kwa haraka zaidi. Wadudu na mijusi hawatengenezi joto lao wenyewe kama ndege, hivyo ukiandika kwamba sisimizi "leo ni wavivu" bila kuandika nyuzi joto, huenda umeandika habari za hewa ukidhani umeandika habari za sisimizi.

Jicho hupenda wenye makelele

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, na ndipo ningependa tukae kidogo.

Ukikaa nusu saa ukaandika kila kinachokuvutia, utapata ukurasa mzuri na picha potofu. Jicho hukimbilia kinachosogea, kinacholia, kinachogombana, kilicho karibu. Njiwa mmoja anayezunguka akivimbisha shingo atapata mistari minane. Njiwa kumi na moja waliolala juu ya paa hawatapata hata mmoja. Mwisho wa mwezi utahesabu na kusema njiwa hutumia muda mwingi kwenye uchumba. Hapana. Wewe ndiye uliyetumia muda mwingi kutazama uchumba.

Jeanne Altmann, ambaye kwa miaka mingi amewachunguza nyani wa Amboseli nchini Kenya, aliandika makala mwaka 1974 iliyolichambua tatizo hili kwa utaratibu, na tangu hapo wachunguzi wa tabia za wanyama hutumia lugha aliyoipanga. Utazamaji wa kuandika chochote kinachoonekana aliupa nafasi yake: unafaa siku za mwanzo, unapojifunza kuna nini, na unafaa kwa matukio adimu. Ila haufai kulinganisha nani anafanya nini zaidi. Kwa kulinganisha kuna njia mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia akiwa ameketi kwenye ngazi za mlango wake.

Ya kwanza ni kumfuata mmoja. Kabla hujaanza, amua utamtazama mnyama yupi na kwa dakika ngapi, tuseme kumi. Kisha andika kila anachofanya huyo, na huyo tu, hata jirani zake wakianza vita. Akilala, andika kalala. Akitoka machoni, andika saa aliyotoka, na dakika za kutoonekana usizihesabu. Uchaguzi ufanywe kwa kanuni isiyojali anafanya nini, kwa mfano yule wa kwanza kutoka kushoto. Ukimchagua aliyeanza kufanya jambo la kuvutia, umerudi kwenye tatizo lilelile kwa mlango wa nyuma.

Ya pili ni kupitisha jicho kwa kundi. Kila baada ya dakika tano, pitisha jicho toka upande mmoja hadi mwingine na uandike kila mnyama anafanya nini wakati jicho lako linapomfikia: 7 wamelala, 2 wanajisafisha manyoya, 1 anadona, 1 anavimbisha shingo. Katikati ya vipindi hivyo unaweza kunywa maji na kutazama mawingu. Baada ya saa moja utakuwa na picha kumi na mbili za kundi, na ukizijumlisha utapata makadirio mazuri ya jinsi muda wao unavyogawanyika.

Kwa nini njia mbili? Kwa sababu tabia nazo ni za namna mbili. Kuna zinazodumu, kama kulala, kuatamia, kuota jua; hizi zina muda. Kuna zinazotokea na kwisha papo hapo, kama kudona, kupiga mlio mmoja, kumrukia mwenzake. Hizi zina idadi. Kupitisha jicho kila dakika tano hukamata vizuri zinazodumu na hukosa karibu zote za papo hapo. Kumfuata mmoja hukupa zote mbili, lakini kwa mnyama mmoja tu. Kwa hiyo swali lako ndilo linalochagua njia. Ukitaka kujua mjusi huota jua kiasi gani asubuhi, pitisha jicho. Ukitaka kujua anatikisa kichwa mara ngapi mjusi mwingine anaposogea, mfuate mmoja.

Siku ya kwanza kumfuata mmoja ni mtihani wa subira, hasa unaposikia vurugu upande wa pili wa mti na wewe umefungwa na ndege aliyesinzia. Vumilia. Dakika kumi za ndege aliyesinzia ni habari ambayo usingeipata kwa njia nyingine.

Siku ya sifuri

Mwaka 1908 Joseph Grinnell alipewa uongozi wa makumbusho mapya ya wanyama wenye uti wa mgongo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alisisitiza kwamba maandishi ya uwandani yanaweza kuja kuwa na thamani kubwa kuliko hata vielelezo vyenyewe, na kwamba thamani hiyo huenda isionekane mpaka ipite miaka mingi, pengine karne nzima. Yeye na wenzake walipochunguza eneo la Yosemite kati ya 1914 na 1920, hawakuandika tu walichokamata. Waliandika pia mitego mingapi iliwekwa, wapi, na kwa usiku mingapi.

Karibu karne moja baadaye, kuanzia mwaka 2003, watafiti wa makumbusho hayohayo walirudi mahali palepale. Miongoni mwa spishi 28 za wanyama wadogo walizofuatilia, takriban nusu zilikuwa zimepandisha mipaka yao mlimani, kwa wastani wa mita kama 500. Hitimisho hilo lisingewezekana bila ile hesabu ya mitego. Mnyama asipoonekana kwenye daftari la zamani, kuna uwezekano wa namna mbili: hakuwepo, au hakutafutwa vya kutosha. Idadi ya mitego na usiku ndiyo iliyowawezesha kupima ni upi.

Kwa mtu wa dirishani, "mtego" ni dakika zake. Ukurasa unaosema "18:20 hadi 18:50, nimekaa nje, mbingu wazi, popo 0" una uzito sawa na ukurasa wa popo kumi na tano. Bila huo wa kwanza, daftari lako litaonyesha kwamba popo walikuwepo kila jioni, kwa sababu jioni wasizokuwepo hukuandika kitu. Mfumo wa mtandaoni wa eBird, ulioanzishwa mwaka 2002 na ambao sasa unakusanya kumbukumbu za ndege duniani kote, unamuuliza kila mchangiaji ametazama kwa muda gani na iwapo ameorodhesha ndege wote aliowatambua. Swali hilo la pili lipo kwa sababu hiyohiyo: orodha kamili inaeleza pia nani hakuonekana.

Ni yuleyule?

Ukiona shomoro sita saa moja, watano saa mbili na wanane saa tatu, usijumlishe kumi na tisa. Huenda ni walewale wanane. Njia salama ni kuandika idadi kubwa zaidi iliyoonekana kwa wakati mmoja, na kuieleza hivyo.

Kumtambua mnyama mmoja mmoja kunafungua mlango mwingine kabisa. Margaret Morse Nice hakuwa na kazi ya chuo kikuu. Alikuwa akilea mabinti zake nyumbani Columbus, Ohio. Kuanzia mwaka 1928 aliwavisha pete za rangi miguuni ndege wa aina ya shomoro mwimbaji walioishi kwenye vichaka vya mtoni karibu na nyumba yake, akawafuatilia mpaka mwaka 1936: nani anaishi wapi, nani ameoana na nani, nani amerudi baada ya baridi. Majuzuu yake mawili, la 1937 na la 1943, yalibadilisha namna wanasayansi walivyowachunguza ndege hai. Ndege wenyewe walikuwa wa kawaida kabisa.

Kuvisha pete kunahitaji mafunzo na kibali, hivyo usijaribu kwa mikono yako. Tafuta alama za asili: mkia uliokatika na kuota upya, sikio lenye pengo, doa jeupe bawani, mguu unaochechemea. Mchore. Mchoro mbaya wenye mshale unaoonyesha pengo la sikio unashinda aya nzima, na huhitaji kipaji chochote. Mpe namba badala ya jina, kwa mwezi wa kwanza angalau. Ukishamwita Mkorofi, kila anachofanya kitasomeka kama ukorofi.

Kuhusu vifaa, penseli haichuruziki kwa mvua, na daftari dogo lenye jalada gumu litakwenda nawe kila mahali. Andika palepale, usisubiri jioni. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka chini yake, usifute, kwani mara nyingine kosa ndilo lilikuwa sahihi. Simu inafaa kwa picha na sauti, mradi uandike namba ya picha ukurasani. Na usisogelee viota. Mzazi anayeatamia akiruka kwa sababu yako, mayai yanapoa, na njia uliyoikanyaga inaweza kumwongoza mwindaji. Tena utakuwa umeandika tabia ya ndege mwenye hofu. Darubini inakuwezesha kumtazama yuleyule akiwa na shughuli zake.

Kusoma ulichoandika

Kila mwisho wa mwezi, Grinnell angekwambia uhamishe. Njia yake ilitenganisha masimulizi ya kila siku na kurasa za kila spishi, ambako kila alichoona kuhusu mnyama mmoja kilikusanywa pamoja. Chukua karatasi ya kunguru na uhamishie kila mstari wa kunguru pamoja na tarehe yake. Ni kazi ya kuchosha kidogo, na ndipo maswali yanapojitokeza, kwa sababu kwa mara ya kwanza mistari iliyotawanyika kwenye wiki tano inakaa karibu.

Maswali hayo karibu yote yataanza na "kwa nini", na neno hilo limebeba mizigo minne. Niko Tinbergen, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi ya tabia za wanyama, aliitenganisha mwaka 1963. Kwa nini kunguru anamshukia paka? Unaweza kuwa unauliza nini kimemchochea sasa hivi. Au alijifunzaje kufanya hivyo tangu utotoni. Au kunamsaidiaje kuishi na kuzaa. Au tabia hiyo ilitoka wapi katika historia ya ukoo wake. Majibu manne yanaweza kuwa sahihi yote kwa pamoja, na watu hubishana bure kwa kuwa mmoja anajibu la kwanza na mwenzake la tatu. Daftari la nyumbani lina nguvu kubwa kwenye lile la kwanza, na kama unaweza kuwatambua wachanga, kwenye la pili. La tatu linahitaji kulinganisha wengi kwa muda mrefu. La nne halipatikani dirishani.

Basi rudi kwa kunguru wetu wa Machi 14. Tuseme karatasi ya mwezi inaonyesha kwamba wameshuka siku sita, na siku zote sita paka alikuwa chini ya ukuta. Inashawishi kusema paka ndiye kichocheo. Lakini ni asubuhi ngapi uliketi dirishani paka akiwa hayupo? Ukitafuta unaona mbili tu, na zote zilikuwa za mvua. Kwenye upande mwembamba unaandika: "Labda ni paka. Natakiwa kutazama siku kavu asipokuwepo." Na ukurasa unaofuata unaanza hivi:

"Aprili 15, 07:10 hadi 07:40. Dirisha la mashariki. Jua, hakuna upepo. Paka hayupo. Kunguru 4 juu ya paa la pili. Kushuka 0."